Kuazima kisa si kunakili

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita wanafunzi wangu walishiriki mashindano ya maigizo wakiwa na mchezo unaotokana na kisa cha Fumo Liyongo, yule shujaa aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwamuzi mmoja aliwakata alama akisema kisa si chao. Binti aliyeuandika alikunja daftari lake kimya. Iliniuma sana.

Watoto hawa hawa tunawafundisha Juliasi Kaizari kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Shakespeare alikichota kisa kile kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani aliyekuwa amefasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1579. Plutarch anaeleza tu kwamba Antony, rafiki wa Kaizari, alihutubia mazishini mwa Kaizari na kuwaonyesha watu vazi lenye damu. Hotuba yenyewe, ile inayougeuza umati, ameiunda Shakespeare. Hata Banquo, jemadari mwenzake Makbeth katika mchezo wa Makbeth, kwenye kitabu cha historia alichokitumia Shakespeare alishiriki njama za kumuua mfalme. Shakespeare alimtakasa, maana Mfalme James aliyekuwa akitawala alihesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo.

Na hapa kwetu? Kinjeketile Ngwale, yule mganga wa Vita vya Maji Maji aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alikuwa mtu kweli, wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 alisema wazi kuwa mhusika wake ni wa kubuni. Akampa shaka. Kinjeketile wa jukwaani hayaamini tena maji kama zamani, lakini Wajerumani wanapomtaka ayakane, anakataa. Mimi nimeuona mchezo huo mara nyingi na hapo bado koo hunikaba. Nani atathubutu kumwambia Hussein kisa si chake?

Katika mchezo wa binti yule, kijana anaingia chumbani mara mbili na kutoka. Mara ya tatu anamfunika baba yake shuka miguuni kwanza, ndipo anamchoma. Shuka hiyo sijaikuta popote katika visa vya Liyongo nilivyosoma. Aliibuni yeye, usiku, baada ya kazi za nyumbani. Naomba waamuzi watafute vitu kama hivyo kabla ya kushika kalamu.

Sasa anataka kuandika juu ya mama wa Liyongo, aliyempelekea mwanawe tupa gerezani ndani ya mkate wa wishwa. Nimemwambia aanze.

Mwalimu mlezi wa maigizo,
Morogoro