Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: penisilini ya watoto wenye selimundu si matumizi holela ya dawa

Ndugu Mganga Mkuu wa Serikali,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninakuandikia nikiwa mzazi wa mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, mkazi wa Kanda ya Ziwa, kuhusu dawa ya bei nafuu ambayo watoto wetu wanatakiwa kuinywa kila siku wakiwa wazima, na ambayo tunanyimwa kwa sababu iliyo njema kabisa katika asili yake.

Unafahamu kuliko mimi kinachowapata watoto hawa. Chembe nyekundu zilizojikunja huiharibu bandama mapema, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na bandama ndiyo inayochuja bakteria kutoka kwenye damu. Hapo ndipo nyumokoki, bakteria anayeishi puani na kooni mwa watoto wengi bila kuwadhuru, anapoweza kumuua mtoto ndani ya saa chache. Utafiti uliofanyika Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba miongoni mwa watoto wenye selimundu waliokutwa na bakteria kwenye damu, nyumokoki alihusika kwa asilimia 41 na salmonela, bakteria aingiaye kwa chakula na maji machafu, kwa asilimia 18. Chanjo ya nyumokoki, tunayoishukuru sana, haikingi aina zote za bakteria huyo. Salmonela tunapambana naye nyumbani kwa maji yaliyochemshwa, sabuni, na kuku na mayai yaliyoiva sawasawa.

Kinachobaki ni penisilini V, antibiotiki ya kunywa, yaani dawa ya kuua bakteria. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto 215 wenye selimundu, ambapo maambukizi makali ya nyumokoki yalipungua kwa asilimia 84 kwa waliokunywa dawa hiyo kila siku, hata jaribio likasitishwa kabla ya muda wake ili watoto wote waipate. Dozi yenyewe ni ndogo: miligramu 125 asubuhi na jioni hadi mtoto atimize miaka mitatu, kisha miligramu 250 asubuhi na jioni hadi miaka mitano. Nyumbani kwetu kidonge cha miligramu 250 hukatwa katikati kwa kisu, nusu ikasagwa kati ya vijiko viwili na kukorogwa na maji kidogo, na nusu ya pili ikahifadhiwa kwa ajili ya jioni.

Tatizo huanza vidonge vinapokwisha. Kliniki ya selimundu iko mbali, kwa hiyo mzazi huenda zahanati ya karibu au duka la dawa akiwa na kadi ya mtoto, na huko huulizwa mtoto anaumwa nini. Akijibu kwamba leo haumwi, huambiwa kwamba antibayotiki haitolewi kwa mtu asiyeumwa, na bango la kampeni dhidi ya usugu wa vimelea, yaani vimelea kuzoea dawa hadi zisiwaue tena, huwa limebandikwa ukutani, nyuma ya mtoa dawa. Mimi nimerudishwa kwa maneno hayo, na wazazi wenzangu wa kliniki wamerudishwa pia. Simlaumu mtoa dawa, kwa kuwa ametekeleza alichofundishwa, na kampeni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, kwani usugu ukienea watoto wetu ndio watakaokufa wa kwanza. Lakini penisilini V ni dawa inayolenga bakteria wachache, na kumnyima mtoto wa selimundu humweka katika hatari ya kuugua na kulazwa, ambako atahitaji dawa kali zaidi, zile zile ambazo kampeni inataka kuzilinda.

Kwa hiyo ninaomba ofisi yako itoe waraka kwa zahanati, vituo vya afya na maduka ya dawa yaliyosajiliwa, ukieleza waziwazi kwamba mtoto aliye chini ya miaka mitano mwenye kadi ya selimundu apewe penisilini V ya kinga bila kudaiwa dalili za ugonjwa, na kwamba zahanati ziiagize kwa hesabu ya watoto walioandikishwa katika eneo lake, badala ya kusubiri wagonjwa wajitokeze. Mtoto ambaye penisilini humletea mzio apewe erithromaisini kwa utaratibu huo huo.

Waraka huo useme pia jambo la homa, maana kinga haizuii kila kitu. Mtoto wa selimundu mwenye joto la nyuzi 38.5 hapaswi kukaa kwenye benchi akisubiri namba yake, wala kupimwa malaria, kukutwa hana, na kurudishwa nyumbani na panado. Aonwe mara tu anapofika, na kama analazimika kupewa rufaa, sindano ya kwanza ya antibayotiki, kwa mfano seftriaksoni, achomwe pale pale kabla gari halijaondoka, kwa sababu barabara zetu za vijijini, hasa wakati wa masika, huweza kumaliza saa zote alizobakiwa nazo.

Naomba waraka utoke kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye dirisha la dawa, ili mzazi aweze kuuonyesha kwa kidole.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, Kanda ya Ziwa