Namba ya marejeo si kipimo cha mwanahistoria

Mhariri,

Makala mnazochapa siku hizi za kuwatathmini wanahistoria zina mtindo mmoja. Mwandishi anafungua Google Scholar, mtandao unaohesabu ni mara ngapi kazi ya msomi imetajwa na wengine, ananakili namba iliyo mbele ya jina, kisha anatoa hukumu: huyu mkubwa, yule wa kawaida. Namba ile haisemi kama aliyemtaja alimkubali, alimpinga, au alimpungia mkono tu akipita.

Mchukulie Terence Ranger, mwanahistoria Mwingereza aliyeongoza Idara ya Historia hapa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1963 hadi 1969. Kitabu chake cha 1967, kuhusu vita vya 1896–97 dhidi ya wakoloni katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, kilidai kwamba makuhani wa Mwari, mungu wa Washona, na watu wanaopandwa na mizimu walikuwa na sehemu kubwa katika kuongoza na kuunganisha mapambano. Mwaka 1977 mwanahistoria mwenzake, Julian Cobbing, akatoa makala nzima katika jarida la Journal of African History kukanusha nafasi hiyo ya makuhani. Kwa kompyuta, kila tanbihi ya namna hiyo ni kura ya Ranger. Ni ushawishi, sikatai, kwa sababu aliwapa wenzake swali la kugombania. Ila siyo ushawishi mnaousifia.

Kosa la pili ni la vitabu vilivyohaririwa, ambavyo kila sura ina mwandishi wake. Kile cha 1983 kuhusu mila zilizobuniwa kina majina mawili kwenye jalada, Eric Hobsbawm na Ranger, lakini ndani yake Ranger ana sura moja tu, ya Afrika chini ya wakoloni. Sura ya Hugh Trevor-Roper inahusu, pamoja na mengine, zile sketi za Waskoti. Mtu akiandika habari za sketi hizo na kutaja kitabu kizima badala ya sura, Ranger naye anahesabiwa. Halafu mwaka 1993 Ranger mwenyewe alirudi kuisahihisha hoja yake: neno “kubuni” lilifanya mambo yaonekane kama kazi ya siku moja ya wakoloni, likawaficha Waafrika walioendelea kuzifinyanga mila hizo. Anayetaja sura ya 1983 peke yake anamnukuu Ranger ambaye Ranger aliachana naye.

Anayetaka kupima kweli aanzie kwenye faharasa ya kitabu, ile orodha ya majina na mada mwishoni, siyo kwenye namba. Achague vitabu vya somo lilelile vya miongo tofauti, atafute jina, afungue ukurasa, asome aya nzima pamoja na tanbihi yake. Aulize: jina hili likiondolewa, hoja ya aya inasimama? Ikisimama, lile lilikuwa pambo. Jina likiwa limebanana na mengine matano katika tanbihi moja, mara nyingi ni pambo. Atafute pia “T. O. Ranger”, maana kazi nyingi za mwanzo zina jina hilo, na asisahau tasnifu zilizopigwa taipu, zilizolala kwenye rafu bila kuingizwa mtandaoni. Kazi hii inachosha, na ndiyo maana watu wanakimbilia namba.

Kuna jambo jingine ambalo faharasa haitalionyesha. Makala ya Ranger ya 1968, iliyotoka kwa sehemu mbili, inasifiwa kwa kuunganisha upinzani wa mwanzo dhidi ya wakoloni na vyama vya uhuru vilivyokuja baadaye. Mwanafunzi wetu wa sekondari anaijua hoja hiyo kwa mfano wa vita vya Maji Maji na chama cha TANU, pengine bila kulisikia jina la Ranger hata mara moja. Lakini Nyerere aliitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kabla Ranger hajafika Afrika. Basi nani alimshawishi nani? Ranger alilipa wazo hilo tanbihi na nafasi kwenye majarida, na hilo si dogo, lakini kumwandika kama chanzo ni kuipindua historia.

Ombi langu ni dogo. Mkilazimika kuchapa namba, chapeni na tarehe iliyosomwa, maana hupanda kila mara, na mseme kama ni ya mtu, ya kitabu au ya sura.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam