Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: wanaomeza dawa ya baridi yabisi wapimwe macho mapema

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa ajili ya macho ya mama yangu, na ya wagonjwa wote wa baridi yabisi na lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) wanaomeza haidroksiklorokwini.

Dawa hii ni ndugu wa klorokwini, ile chungu tuliyomezeshwa kwa malaria hadi nchi yetu ilipoiacha mwaka 2001. Ya malaria ulimeza siku 3, basi. Ya baridi yabisi unameza miaka na miaka, nayo inaweza kuharibu retina, utando ulio nyuma ya jicho, polepole na bila maumivu yoyote. Madaktari wanalijua hili tangu 1959, walipolieleza kwa waliotumia klorokwini.

Mama alianzishiwa vidonge 2 vya miligramu 200 kila siku. Hakupandishwa kwenye mzani. Ana kilo 52, na kiwango kinachoshauriwa hakizidi miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku: kwake ni 260. Vidonge 9 kwa wiki vingemtosha. Amemeza 14, kwa miaka 7.

Mwaka jana, akichambua mchele, akaanza kuacha vijiwe. Tukadhani ni uzee. Kliniki wakamsimamisha mbele ya chati ya herufi, akaisoma hadi mstari wa chini, wakasema macho mazima. Nyumbani akifungua Biblia, silabi za kando ya neno analolitazama hazionekani. Chati haiwezi kulinasa hilo, kwa kuwa madhara mara nyingi huanza kukizunguka kitovu cha kuona, chenyewe kikiwa bado kizima. Yaligunduliwa hospitali ya tatu, kwa kipimo cha uwanja wa kuona na mashine ya OCT inayopiga picha matabaka ya retina. Dawa imesitishwa. Kilichokufa hakirudi.

Siandiki ili watu waitupe dawa. Mama alikuwa hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake; ndiyo iliyomrudishia vidole. Kwa anayepewa kiwango sahihi hatari haifiki asilimia 2 katika miaka 10 ya kwanza, ingawa baada ya miaka 20 hukaribia asilimia 20.

Naomba uagize kila anayeandikiwa dawa hii apimwe uzito na figo kwanza, achunguzwe retina ndani ya mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 5 apimwe kila mwaka. Mwenye figo dhaifu au anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, asingojeshwe miaka hiyo 5. Na tarehe ya kidonge cha kwanza iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, kama tunavyoandika chanjo za watoto, ili daktari wa viungo na wa macho wasome kitu kimoja. Kadi ya mama haikuwa nayo. Tuliipata kwa kuhesabu risiti za duka la dawa, alizozifunga kwa mpira ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Wako,
Binti wa mgonjwa, Morogoro