Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu kuhusu Simu na Matumizi ya Dawa

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaykum. Nakuandikia kwa heshima kuhusu wagonjwa wetu wa sukari na presha, ambao huondoka kwenye dirisha la dawa na vibahasha vitatu au vinne vilivyoandikwa "1x3" au "1x2" kwa kalamu, wakapanda boti kurudi Faza au Kizingitini, na wakifika nyumbani hawana wa kumuuliza ni kidonge kipi kinachomezwa pamoja na chakula. Simu, hata hivyo, wanazo.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa humu humu Kenya, ambapo wagonjwa walioanza dawa za VVU walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa "Mambo?" na kutakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, aliyenyamaza au aliyekuwa na shida alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Kwa maelezo yao wenyewe, asilimia 62 walizingatia dawa ipasavyo, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa. Kwangu mimi, siri ya mafanikio hayo ni kwamba upande wa pili wa simu alikuwepo mtu, kwa sababu mlio wa kukumbusha peke yake haumfundishi mgonjwa chochote.

Naomba basi wafamasia wa kaunti warekodi maelezo mafupi ya sauti kwa kila dawa inayotolewa sana, kwa Kiswahili na kwa saa za Kiswahili, maana mzee anayesoma 8:00 kwenye programu ya simu ya kukumbusha dawa anaweza kungoja hadi saa nane mchana. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliokabidhiwa simu na serikali mwaka 2023, wayapeleke majumbani, kisha wamwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakavyomeza dawa. Na kwa kuwa simu moja mara nyingi hutumiwa na nyumba nzima, ujumbe usitaje ugonjwa.

Jambo la dharura zaidi ni Ramadhani. Anayemeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi kisha akafunga anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia, na kuhamisha dozi kwenda futari au daku, au kuipunguza, ni uamuzi wa daktari. Tunakuomba, Mheshimiwa, maelezo hayo yawafikie wagonjwa kabla ya Shaaban kuandama, wapate muda wa kumwona daktari.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Lamu