Lebo za anwani zipangwe kwa karatasi ya A4

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenzangu wanaochapa lebo za anwani katika steshenari za hapa Tanga kwamba maandishi mara nyingi huvuka mipaka ya lebo kwa sababu kompyuta imepangiwa karatasi ya Marekani, yenye milimita 216 kwa 279, ilhali A4 yetu ina 210 kwa 297. Programu za kuandikia za Microsoft Word na LibreOffice Writer zote huruhusu kubadili vipimo hivyo. Majina na masanduku ya posta yaandikwe kwenye jedwali, programu iyapange yenyewe kwenye lebo. Ukurasa wa majaribio uchapwe kwenye karatasi ya kawaida, ulinganishwe na ya lebo mbele ya mwanga (karatasi ya gundi si ya kuchezea), na ukubwa wa kuchapa ubaki asilimia 100.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga