Kijana mmoja, tarehe tatu za kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kurasa za michezo hujaa habari za vijana wetu wanaotakiwa na klabu za nje. Nazisoma zote, ila nazisoma kama mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka. Mimi ni katibu wa timu ya watoto hapa Makorora, Tanga. Ukatibu wenyewe ni kaunta buku moja, kalamu mbili na ufunguo wa stoo tunamoweka mipira. Nakuomba nafasi niseme jambo la umri wa wachezaji watoto, linalotuhusu sisi wa soka la mchangani zaidi ya linavyowahusu mawakala wa wachezaji.

Mwaka 2022 alikuja mtu kutoka Dar es Salaam, kavaa jezi safi, akasimama nyuma ya goli la upande wa mti wa mkungu na kuanza kurekodi kwa simu. Tulikuwa na winga wa mguu wa kushoto, kijana wa miaka 16, mtoto mkimya ambaye hata akifunga goli hakimbii kushangilia, anarudi tu kati. Mechi ilipoisha yule bwana akamwita pembeni, kisha akamwita mjomba wake. Akataja Ureno. Akaonyesha picha za uwanja wenye nyasi kama zulia, na yeye mwenyewe kasimama pale katikati. Jioni ile ile mtaa mzima ulikuwa unajua kuwa mwenzetu kapata timu.

Mjomba ni mvuvi. Aliuza mashine ya boti, akaongezea na hela ya mchezo wa kupeana iliyokuwa zamu ya mkewe, zikatimia milioni mbili na laki nne. Akaambiwa ni za viza, tiketi na "kufungua faili". Pasipoti walilipia wao wenyewe Uhamiaji, na mpaka leo ndiyo kitu pekee cha kweli kilichobaki katika mkasa ule, kijitabu kisicho na muhuri hata mmoja. Siku ya tano simu ya wakala haikupatikana. Msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, sijawahi kuuona ukitimia kwa namna hiyo.

Ninachojilaumu ni kwamba swali moja tu lingetosha kumfukuza yule mtu pale pale uwanjani, na sikuwa nalo. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 19, zinakataza mchezaji kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Milango ya pembeni ipo, lakini ni michache na ina walinzi. Mmoja ni wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zao zisizohusu mpira. Mwingine ni wa Umoja wa Ulaya, ambako kijana wa miaka 16 anaweza kuhama ndani ya eneo lao wenyewe. Upo pia wa mipakani, kwa mchezaji anayeishi kwao si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wa pili. Huu wa mwisho unatugusa kidogo watu wa Tanga. Mtoto wa Horohoro anaweza kulala kwao na kuchezea timu ya Lungalunga, Kenya, kwa idhini ya vyama vya nchi zote mbili. Ureno haimo katika hesabu hiyo.

Na wasidhani wasomaji wako kwamba kanuni hii ni ya kuwatisha wanyonge. Barcelona walifungiwa kusajili mwaka 2014 kwa sababu ya watoto wa kigeni. Real Madrid na Atlético Madrid wakafuata mwaka 2016, na Chelsea mwaka 2019. Ndiyo maana Real Madrid walipokubaliana na Palmeiras ya Brazil kuhusu Endrick mwishoni mwa 2022, kijana akiwa na miaka 16, walimwacha kwao aendelee kucheza mpaka Julai 2024 alipofikisha 18. Estêvão naye, wa klabu hiyo hiyo, Chelsea walimsubiri hadi 2025. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, klabu zake zikapoteza hata ule mlango wa miaka 16. Tangu 2021 haziwezi kusajili kijana wa nje aliye chini ya miaka 18 kwa mlango huo. Sasa niambie, ikiwa Real Madrid na fedha zao zote walingoja, mtu aliyekuja Makorora na simu mbili na jezi safi alikuwa anampeleka wapi mtoto wa miaka 16?

Mfano wa hapa nyumbani tunao pia. Kelvin John, aliyechezea Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, kwenye fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, alikwenda kwanza kusoma na kucheza katika chuo cha Brooke House, Market Harborough, Uingereza. Genk ya Ubelgiji ilimsainisha Juni 2021, mwezi aliofikisha miaka 18. Njia ilikuwa ndefu, ila ilikuwa njia.

Hapo ningeweza kuishia, Mhariri, nikawalaani matapeli na kuweka kalamu chini. Lakini nina la kwangu la kukiri.

Baada ya mambo kuharibika, mjomba alikuja nyumbani kwangu na karatasi zote za kijana ndani ya mfuko wa rambo. Tulizitandaza mkekani. Kwenye fomu ya shule alikuwa amezaliwa 2006. Kwenye nakala ambayo wakala aliwaachia alikuwa amezaliwa 2004, kwa sababu alitaka aonekane ametimiza 18 ("umri tutaurekebisha," alimwambia mjomba, naye akaona ni ufundi wa kazi). Na kwenye kaunta buku langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, alikuwa amezaliwa 2008. Mwaka 2020 tulikuwa na kombe la mbuzi la chini ya miaka 13, yeye ana 14, na mimi nikamkata miaka miwili ili tusimkose winga. Mbuzi tulimpata. Tulimla pale pale chini ya mkungu.

Basi kijana mmoja alikuwa na tarehe tatu, na mbili kati ya hizo zilitungwa na watu wazima waliodai kumpenda. Mjomba aliniuliza, "Sasa katibu, wewe na yule mmetofautiana nini?" Nilimjibu kwamba mimi sikuchukua hela. Aliniangalia tu, akaanza kukunja karatasi zake.

Wenzangu wa mchangani mtaniona nakuza mambo. Vijeba tumewachezesha sote, na kila mtaa una hadithi yake ya mchezaji wa chini ya 15 aliyekuja mechini na mwanawe. Tunacheka. Ila naomba tutazame kile tunachokifuta tunapokata umri, maana ndani yake kuna fedha, na fedha hizo ni zetu.

Mchezaji anapouzwa nchi nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawiwa klabu zilizomkuza kuanzia msimu aliofikisha miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Misimu minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mmoja una robo asilimia ya bei. Kuanzia 16 kila msimu una nusu asilimia. Tuseme kijana wetu amefika mbali akauzwa kwa euro milioni 10, bei ambayo kwa Ulaya ya leo haishtui mtu. Misimu minne aliyokimbia kwenye mchanga wetu ni asilimia moja, yaani euro 100,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 250. Mimi nanunua mpira wa mazoezi kwa kuchangisha wazazi elfu moja moja, na wengine huniambia njoo kesho.

Hela hiyo hailetwi na mtu kwenye bahasha. Tangu Novemba 2022 malipo ya namna hii yanapitia chombo cha FIFA kilichopo Paris, na kabla ya kulipa huundwa pasipoti ya mchezaji, siyo ya Uhamiaji hii, bali orodha ya klabu alizosajiliwa msimu kwa msimu kadiri vyama vya soka vilivyoandika. Klabu isiyomo kwenye orodha haipati kitu. Timu ambayo si mwanachama wa chama chochote haiwezi kuwamo. Na ikiwa mimi nimeandika 2008 na shule imeandika 2006, msimu wake wa miaka 12 ni upi? Daftari langu lingekuwa ushahidi wa kutunyima.

Moisés Caicedo alitoka Independiente del Valle ya Ecuador kwenda Brighton ya Uingereza mwaka 2021 akiwa na miaka 19. Miaka miwili baadaye Chelsea wakamnunua kwa pauni milioni 100, na nyongeza ya hadi milioni 15. Independiente del Valle siyo timu ya mji mkubwa, makao yao ni Sangolquí, nje kidogo ya Quito. Lakini kila msimu aliokaa kwao uliandikwa, na kila msimu ulioandikwa una hesabu yake. Huwa najiuliza kuhusu Mbwana Samatta wetu. African Lyon, Simba, TP Mazembe, Genk, Aston Villa, safari hiyo kila mtu anaitaja. Aliyempigia filimbi akiwa na miaka 12 ni nani, na daftari lake liko wapi?

Tanga hatukosi vipaji. Mji ulioipa nchi bingwa wa mwaka 1988, Coastal Union, na wenye African Sports upande wa pili wa uwanja wa Mkwakwani, hauhitaji kufundishwa kucheza. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga mwaka 2020 na akaja kuvaa kitambaa cha unahodha. Tunachokosa ni kuandika.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa soka wa wilaya ni dogo. Tupokeeni timu za watoto kama wanachama kwa ada tunayoiweza, na msubiri tulipe kwa awamu. Mtuwekee siku moja kwa mwezi ya kuleta majina ya wenye miaka 12, yaingizwe kwenye mfumo wa usajili, siyo kwenye kabati. Makombe ya mbuzi endeleeni kuyaruhusu, lakini mtu aje na cheti cha kuzaliwa au asichezeshe.

Na wewe, Mhariri, unapoandika kuwa kijana fulani anatakiwa Ulaya, mwandishi wako aulize umri wake na aandike jibu. Kama hajafikisha 18, aulize tena anakwenda kwa mlango upi. Pia muwakumbushe wazazi kwamba majina ya mawakala wenye leseni yamewekwa wazi kwenye tovuti ya FIFA. Yule wa kwetu angekuja leo, tungemtafuta pale kwa dakika mbili, kwa bando la mia tano.

Kijana mwenyewe yupo. Sasa ametimiza 18 na zaidi, anacheza ndondo na asubuhi anamsaidia mjomba, ambaye siku hizi anavua kwa boti ya mtu. Sikumtaja jina kwa sababu hajaacha kutafuta timu.

Mimi kaunta buku la zamani nimelifunga. Wiki iliyopita nilianza jipya, nikawaambia wazazi sitaandika mtoto bila karatasi. Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na uwanja. Cheti cha kuzaliwa hakuwahi kukifuatilia, alikuja na kadi ya kliniki, panya wamekula pembe moja na jina la zahanati halisomeki. Tarehe ilikuwa nzima. Mtoto alikuwa na miaka 11 na miezi minane. Nilimwandika, nikampa mama kalamu aweke sahihi, na kijana akaniomba nimwonyeshe jina lake limekaaje.

Wako,
Katibu wa timu ya watoto,
Makorora, Tanga.