Yah: Malalamiko kuhusu fonti yenu ya kuchorwa kwa mkono na dharau ya mhudumu wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya leseni ya kutumia fonti hii kibiashara mmeyaandika wenyewe, sitayarudia. Risiti nimeiambatanisha.

Tangazo lenu linasema kila herufi ina maumbo matatu yanayopokezana, ili maandishi yasionekane ya mashine. Nilinunua kwa sababu hiyo tu. Mteja alitaka kadi ya siku ya kuzaliwa ya mtoto yenye maneno "Nyota yetu inang'aa", ionekane imeandikwa na mtu kwa kalamu ya rangi. Zile "a" mbili za mwisho zimetoka pacha: mkia uleule, hata kidoa kilekile cha wino upande wa kushoto. Alama ya ng' nayo imekaa mbali mno, neno linasomeka "inang aa". Herufi mbadala za OpenType (muundo wa faili za fonti unaoweza kubeba maumbo kadhaa ya herufi moja) nimeziwasha. Nimefungua jedwali la herufi ndani ya faili: umbo ni mojamoja tu. Hayo mengine mawili yako wapi?

Lakini kilichonichoma si hizo "a". Mhudumu wenu, niliyemuunganisha kwa heshima zote kwenye simu ya video ili amweleze mteja wangu, alicheka. Alicheka, ndugu Meneja, kisha akasema: "Hii ni fonti ya kitoto, nani atakaa ahesabu herufi?" Mteja anasikia.

Kabla ya hapo niliwaandikia barua pepe, mkanijibu nizime kompyuta niiwashe tena. Hilo nililimeza.

Fonti ya kitoto! Vincent Connare alianza kuchora fonti ya Comic Sans pale Microsoft mwaka 1994 kwa sababu aliona maneno ya mbwa wa katuni yameandikwa kwa Times New Roman, fonti rasmi, akaona haviendani. Watu wanaicheka mpaka leo, ila mwenyewe aliichora kama kazi. Kadi, vibandiko, fulana, mabango ya darasani: fonti za namna hii zinaishi huko, na sisi tunakula huko.

Narudia, maana naona hamjanielewa. Kadi iko kwenye skrini, mteja wangu anauliza kwa upole mbona herufi zinafanana, na mfanyakazi wenu anamcheka usoni, anamuuliza nani atahesabu. Yeye alihesabu. Kazi ameshaiondoa kwangu.

Naomba nirudishiwe pesa yangu yote. Nataka pia faili yenye maumbo mliyoyauza, na mhudumu huyo amwombe radhi mteja wangu kwa maandishi, kwa jina lake, si kwa jina la "timu yetu". Zikipita siku 7 bila jibu, nitaitaka benki irudishe malipo, kisha nitafika kwa mamlaka ya kulinda walaji nikiwa na hizo "a" mbili zilizokuzwa kando ya tangazo lenu. Tangazo nimeshalihifadhi, msihangaike kulifuta.

Mteja wenu, kwa sasa,
Mbunifu wa michoro mwenye risiti iliyoambatanishwa